Bibi wa Olmotonyi, Miti Aliyoipanda na Karatasi Asiyokuwa Nayo

Leo naomba tuweke kando singo na hina, tukae kitako na historia. Najua historia wengi wetu tuliiacha shuleni. Lakini hii ya leo iliniingia nyumbani kupitia ndoa, na naamini bibi harusi atakayeisoma mpaka mwisho ataondoka na jambo la kufanya kabla ya siku yake.

Mie ni mtoto wa Unguja niliyeolewa Arusha. Bibi mzaa baba wa mume wangu anaishi Olmotonyi, kwenye miteremko ya Mlima Meru, upande wa Ngaramtoni ukitoka mjini kwa barabara ya Namanga. Jina lenyewe ni la Kimaasai, linatokana na neno la ndege. Huko ndiko kuliko Chuo cha Misitu kilichoanza mwaka 1937, na msitu wa mafunzo wa Chuo Kikuu cha Sokoine. Mara ya kwanza nilipopelekwa kumuona Bibi nilivaa sweta mbili ndani ya buibui na bado meno yaligongana. Kitu kilichonishangaza zaidi ya baridi ni miti. Misonobari na misaipresi imesimama kwa safu zilizonyooka, kama safu za sala siku ya Idi.

"Hii ya upande huu nilipanda mimi," Bibi aliniambia, akinyoosha mkono kama mtu anayekuonesha mashuka aliyoyafua. "Baba mkwe wako alikuwa tumboni."

Mwaka juzi wajukuu tulichangishana tumpeleke Bibi Umra. Alhamdulillah, pesa ilipatikana haraka kuliko tulivyodhani. Kilichotushinda ni pasipoti. Pasipoti ilitaka kitambulisho cha taifa. Kitambulisho kilitaka cheti cha kuzaliwa, na maelezo ya mahali walipozaliwa wazazi wake. Bibi hajui kusema uongo, hata ule mdogo wa kumfurahisha mwenyeji kwamba pilau ni tamu. Mbele ya afisa akajibu kwa utulivu kuwa baba na mama yake walikuwa Wakikuyu, walitoka Kenya, na yeye alizaliwa msituni kwenye kambi ya vibarua. Afisa akaweka kalamu chini.

Kuanzia siku ile tukajua kuwa mama huyu wa zaidi ya miaka sabini, ambaye hajawahi kulala usiku mmoja nje ya Tanzania, si raia wa Tanzania wala wa nchi nyingine yoyote. Hata laini yake ya simu imesajiliwa kwa alama za vidole za mjukuu. Tulicheka sana siku tulipoisajili. Hatukujua tunacheka nini.

Nikaanza kusoma na kuuliza wazee. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Mpaka na mikono ya kazi

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kugawana nchi zetu. Wakachora mstari kutoka mdomo wa mto Umba pwani, ukapanda kaskazini magharibi, ukapinda kuizunguka Kilimanjaro na kuiacha upande wa Wajerumani, kisha ukanyooka mpaka Ziwa Victoria. Makubaliano hayohayo ndiyo yaliyomwachia Sultani wetu wa Zanzibar visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi tu kwenda ndani. Kwa hiyo sisi wa visiwani na watu wa Meru tulikatwa kwa mkasi mmoja, siku moja.

Watu wa chini ya mstari ule hawakuulizwa. Wamaasai waliendelea kufuata majani pande zote mbili. Wafanyabiashara, wake na mifugo waliendelea kwenda na kurudi, maana hakukuwa na ukuta wala lango.

Walikuja na wageni wa mbali. Baada ya vita vya Makaburu na Waingereza kule Afrika Kusini kumalizika mwaka 1902, baadhi ya familia za Makaburu zilisafiri mpaka huku, na serikali ya Wajerumani ikawapa ardhi pembezoni mwa Mlima Meru. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia nchi ikaingia mikononi mwa Waingereza, na walowezi wa mataifa mbalimbali wakaendelea kuja kulima kahawa na nafaka. Mwaka 1929 reli ikafika Arusha. Shamba, reli na msitu vyote vilitaka mikono.

Kenya nako, Wakikuyu wengi walikuwa wamepoteza ardhi kwa walowezi. Wengine wakashuka kusini kutafuta kazi kwenye mashamba na misitu ya Jimbo la Kaskazini la Tanganyika, eneo ambalo leo ni mikoa ya Kilimanjaro, Arusha na Manyara. Wazazi wa Bibi walikuwa miongoni mwao. Hakuna aliyewaita wahamiaji haramu. Waliitwa vibarua.

Ngoja niwaeleze kazi yenyewe, maana wengi wetu tunaoona mbao sokoni hatujui zilivyopatikana. Msitu wa kupandwa unahitaji palizi miaka yake ya mwanzo, la sivyo magugu yanaumeza mche. Palizi ni gharama. Kwa hiyo ikatumika njia inayojulikana Kenya na Tanzania kama mfumo wa shamba: familia inapewa kipande kilichofyekwa, inalima mahindi, maharage na viazi katikati ya miche, na inapopalilia chakula chake inapalilia na miti ya serikali. Baada ya miaka mitatu hivi, kivuli kinafunga na mahindi hayazai tena. Familia inahamishiwa kipande kingine, inaanza upya. Chakula kimeliwa, mti umebaki. Msonobari au msaipresi huchukua miaka 25 hadi 30 kufikia kuvunwa, kwa hiyo aliyeupanda huwa ameshahamishwa mara nyingi kabla haujawa mbao.

Karatasi ya mume, mke bila karatasi

Mtaniuliza, hawa watu hawakuwa na karatasi kabisa? Wanaume walikuwa nazo. Kenya ilitunga sheria mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya vita, iliyomlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kazi kubeba kipande. Kilikuwa karatasi yenye alama za vidole, iliyowekwa ndani ya kijaluba cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Tanganyika nako kulikuwa na kipande cha kazi, kadi ya siku 30 iliyowekwa alama kila siku mtu alipomaliza kazi yake.

Mwanamke hakuandikwa. Kule Kenya, sheria ya vitambulisho ilibadilishwa kuwajumuisha wanawake mwaka 1978, miaka 15 baada ya uhuru. Kwa hiyo mama yake Bibi aliingia Tanganyika akiwa amebeba mtungi, jembe na mimba, na hakuna daftari lolote, upande huu wala ule, lililokuwa na jina lake. Hakuvunja sheria ya uandikishaji. Sheria yenyewe haikumuona.

Halafu ikaja Oktoba 1952. Kenya ikatangaza hali ya hatari kwa sababu ya Mau Mau, na hofu ikavuka mpaka. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika chini ya Gavana Twining iliwakusanya Wakikuyu wa Jimbo la Kaskazini. Walihojiwa, wengi wakarudishwa Kenya kwa nguvu, wengine wakawekwa kizuizini. Watu waliokuwa jana vibarua hodari, leo wakawa hatari kwa usalama.

"Baba alichukuliwa kwa lori," Bibi anasimulia. "Mie nilikuwa mgongoni kwa mama, sikumbuki. Mama ndiye aliyeniambia." Mama yake alijua Kimaasai, alikuwa amejifunza kwa jirani zake Waarusha. Akavaa shuka, akanyamaza Kikikuyu, na akabaki. Baba hakurudi. Tangu siku ile nyumbani mwao haikusemwa tena walikotoka, na hilo nalo likawa sababu ya kutokuwa na karatasi.

Kabla hatujalaumu nyakati, kumbukeni jambo hili. Miaka kumi tu kabla ya lori lile, mwaka 1942, upande wa pili wa mlima huohuo, pale Tengeru, Waingereza walianza kupokea wakimbizi wa Kipolandi. Walikuwa wamehamishwa na Wasovieti mpaka Siberia, wakatokea Uajemi, wakaletwa Afrika. Walifika kama 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Walijengewa nyumba, shule, hospitali na kanisa, na makaburi yao yapo mpaka leo, yanatunzwa vizuri. Siwaonei kijicho, maskini, walikuwa wameteseka na walistahili hifadhi. Nataka tuone tu kwamba mlango wa nchi ulipotakiwa kufunguka ulifunguka, hata kwa watu 5,000 kwa mpigo wasiokuwa na pa kurudi.

Miaka miwili ya kujiandikisha

Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Hapa ndipo jambo la Bibi lilipokatika, na naomba mnifuate taratibu.

Sheria ya uraia ya wakati ule ilisema hivi: aliyezaliwa Tanganyika, na angalau mzazi wake mmoja akawa naye amezaliwa Tanganyika, ni raia papo hapo, hahitaji kuomba. Lakini aliyezaliwa Tanganyika wakati wazazi wote wawili walizaliwa nje, alitakiwa kuomba kuandikishwa, na muda aliopewa ulikuwa miaka miwili, mpaka Desemba 1963.

Miaka miwili inaonekana mingi ukiwa mjini, unasoma gazeti na una ndugu karani. Bibi alikuwa mtoto wa miaka kama kumi au kumi na moja, kwenye kambi ya msituni, na mama asiyejua kusoma ambaye alikuwa amejifunza kwamba usalama wake uko katika kutotajwa. Nani angempelekea fomu? Na kama ingefika, angethubutu kuandika ndani yake neno Kikuyu? Muda ukapita. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, mtoto aliyezaliwa nje ya Kenya alipata uraia kupitia baba yake. Baba alikuwa ameondoka kwenye lori, na karatasi zake zilikuwa shingoni mwake.

Kwa hiyo Bibi hakuwahi kuvuka mpaka wowote, hakuwahi kuingia kwa kujificha, na bado alihesabika kuwa mtu wa nje.

Yametukuta na sisi wa visiwani

Nilipofika hapo nikakumbuka Wapemba wa Kenya, nikaona kumbe kisa ni kilekile, isipokuwa badala ya msitu kuna bahari.

Wavuvi kutoka Pemba walikuwa wakienda Vanga, Shimoni, Kilifi na kwingineko kufuata misimu ya samaki tangu zamani, na wengi wakahamia na familia kabisa kabla ya uhuru. Wakati ule pwani ya Kenya, ule ukanda wa maili kumi, ilikuwa kisheria ni miliki ya Sultani wa Zanzibar, ikiendeshwa na Waingereza. Mpemba aliyetia nanga Vanga mwaka 1950 alikuwa bado katika nchi ya Sultani wake. Oktoba 1963 Sultani akakubali ukanda ule uwe sehemu ya Kenya, na Desemba mwaka huohuo Zanzibar na Kenya zikapata uhuru, kila moja kivyake. Kenya nayo ikauliza swali lilelile: mzazi wako alizaliwa hapa?

Watoto na wajukuu wao wakabaki bila kitambulisho. Bila kitambulisho mvuvi hapati leseni ya kuvua kwa jina lake, hafungui akaunti ya benki, hasajili laini, na mtoto wake anakwama akifika mitihani mikubwa. Samaki wake lakini walinunuliwa. Walilisha hoteli na masoko ya pwani yote, kupitia wachuuzi wenye leseni na kwa bei waliyoamua hao wenye leseni. Wamakonde waliopelekwa Kenya kufanya kazi katika mashamba ya mkonge walikuwa katika hali hiyohiyo mpaka mwaka 2016, walipotembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kudai uraia wakaupata. Wapemba wakapewa wao Julai 2023, kwenye hafla iliyofanyika Kilifi mbele ya Rais William Ruto. Ni miaka 60 kasoro miezi tangu uhuru.

Tanzania nayo imewahi kufanya jambo kubwa la kheri katika hili. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 wakapewa mapori ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu waliyageuza mashamba ya mahindi, maharage na tumbaku. Mwaka 2014 zaidi ya 162,000 kati yao na watoto wao wakakabidhiwa uraia. Lakini hesabuni wenyewe, kutoka 1972 mpaka 2014 ni miaka 42. Na mwaka mmoja tu kabla yake, 2013, Operesheni Kimbunga iliwaondoa maelfu ya watu Kagera, Kigoma na Geita, wakiwemo walioishi huko miongo mingi na kuacha nyumba na mifugo.

"Si wafuate sheria tu?"

Hili ndilo tunalosema tukiwa tumekaa barazani, na mie nilikuwa nalisema. Haya, tuitazame hiyo njia.

Sheria ya Uhamiaji ya 1995 ina vibali vya ukaazi vya madaraja matatu. A ni ya wawekezaji na wenye biashara zao. B ni ya waajiriwa wenye utaalamu. C ni ya wengine, kama wanafunzi, watafiti na wamisionari. Tangu sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015, mwajiri anatakiwa pia kuonesha kuwa alimtafuta Mtanzania wa kazi ile akakosa. Ni sheria yenye hekima yake, nchi ina haki ya kulinda ajira za watu wake. Lakini mama anayejaza udongo kwenye viriba vya miche kwa ujira wa siku anaingia daraja gani? Hakuna mwajiri atakayemlipia kibali kinachozidi ujira wake wa mwaka.

Hapohapo Arusha, si mbali na Olmotonyi, ndipo yalipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kazi tarehe 1 Julai 2010, ikiahidi watu na nguvukazi kwenda na kurudi kwa uhuru. Ukiisoma mpaka viambatisho vyake, kila nchi iliorodhesha kazi inazozifungua, na orodha hizo zimewalenga wataalamu wenye vyeti. Mwalimu na mhandisi wametajwa. Mpalilia miche na msichana wa kazi za ndani hawamo, nao ndio waliokuwa wakivuka mpaka huu tangu kabla jumuiya haijazaliwa.

Njia nyingine ni kuomba uraia wa tajinisi. Sheria ya Uraia ya 1995 inataka muombaji awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka saba katika miaka kumi iliyotangulia. Ajue Kiswahili au Kiingereza. Awe na tabia njema. Na kuna sharti moja lililonifanya nisimame: awe na mchango kwa uchumi na ustawi wa taifa.

Mchango! Nikamtazama Bibi anachambua maharage uani. Tangu akiwa msichana amejaza viriba, amebeba miche kichwani kupandisha mlima, amepima nafasi kwa kamba, amepanda mvua za masika zinapoanza, amepalilia. Vipande vingine amepanda mara mbili, maana miti ya kwanza ilishavunwa ikawa mapaa ya watu. Kila kipande cha sabuni na kila vocha aliyonunua imekatwa kodi ya ongezeko la thamani kama yangu na yako, Bara ni asilimia 18, na muuza duka hajamuuliza yeye ni raia wa wapi. Kitanda changu cha harusi kilichongwa Arusha kwa mbao za saipresi. Siwezi kuapa kuwa ni za mti wake, ila siku hizi nikilala huwaza hivyo.

Tatizo ni kwamba mchango wa kibarua hauandikwi. Mwekezaji ana vitabu vya hesabu vya kuonesha mchango wake. Bibi ana msitu, na msitu hauna saini yake.

Mlango uliokuwa wazi, na cheti kilichokosekana

Sasa mabibi harusi, hapa ndipo nilipowaitia.

Bibi aliolewa na Mrangi wa Kondoa, mpasua mbao, Mwislamu, mzaliwa wa nchi hii asiyekuwa na shaka ya uraia. Sheria yetu ya uraia inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na raia wa Tanzania haki ya kuomba uraia wakati wowote mume wake akiwa hai. Angalieni maneno hayo: mume akiwa hai. Kwa zaidi ya miaka 30 mlango wa Bibi ulikuwa wazi, na alilala karibu nao.

Lakini nikah yao ilifungwa kwa mashahidi wawili, mahari ya jembe na shuka, dua, wali ukaliwa. Haikuandikwa popote. Sheria ya Ndoa ya 1971, inayotumika Bara, haiibatilishi ndoa kwa sababu haikusajiliwa, na mbele ya Allah nikah ilikuwa nikah. Ila cheti ndicho kingekuwa ushahidi mezani, nacho hakikuwepo. Hakuna aliyejua kuwa kitahitajika. Babu akafariki mwaka 2009, Allah amrehemu, na mlango ule ukafungwa pamoja na kaburi lake.

Kwa hiyo, shoga yangu unayeolewa mwaka huu:

Hakikisha ndoa yako inasajiliwa na unapata cheti mkononi mwako, nakala yako wewe, si ya mume peke yake. Kiweke pamoja na dhahabu zako.

Kama mchumba wako au wewe una mzazi aliyezaliwa nje ya nchi, liulizeni hilo kabla ya mahari, kwa upole, bila kumuaibisha mtu. Tafuteni vyeti vya wazee wangali hai wa kutoa kiapo.

Kama unaolewa na mgeni, jua kuwa sheria haimpi mume wa kigeni ile haki inayompa mke wa kigeni. Yeye atapita njia ya kibali na tajinisi kama mtu mwingine yeyote. Jua pia kuwa Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ukienda kuchukua uraia wa mumeo, uliza kwanza unaacha nini.

Watoto waandikishwe wakizaliwa. Jina la mtoto lisisubiri safari ya shuleni.

Na kwa sisi tulio na wasaidizi wa ndani: msichana anayekulelea mwanao, awe ametoka Lushoto, Burundi au Msumbiji, ujira wake ni haki yake hata kama hana karatasi. Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, alituhimiza kumlipa mfanyakazi upesi kabla jasho halijakauka, wala hakuweka sharti la kibali. Kumshikia mtu mshahara kwa kuwa unajua hawezi kwenda kushtaki ni dhulma.

Tunalijua jambo hili, kwa sababu linatupata. Tuna dada na binti zetu wangapi walioenda Muscat na Dubai kufanya kazi za majumbani, wengine kwa viza ya matembezi kwa kuwa njia rasmi ilikuwa ndefu? Huko ukaazi wa mfanyakazi umefungwa kwa kafili wake. Akimkimbia kwa kupigwa au kunyimwa mshahara, anahesabika mtoro asiye na kibali. Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu Watanzania hawa Novemba 2017, na ina mengi ya kuliza. Pesa walizotuma lakini zimeezeka nyumba zetu na kulipa mahari za kaka zetu. Tunapomuombea dua binti yetu aliyeko kwa watu, tumkumbuke na binti wa watu aliyeko kwetu.

Tulipofika

Mtataka kujua ya Bibi. Tumepata wazee wawili wa Olmotonyi waliomjua akiwa msichana, wamekula kiapo mbele ya wakili. Mume wangu amemfungulia faili la maombi. Kwenye fomu, pale panapouliza mchango wake, tuliandika upandaji na utunzaji wa miti katika miteremko ya Mlima Meru. Mume wangu aliandika kwa herufi kubwa. Tunasubiri.

Pesa ya Umra tumeiweka, hatujaigusa. Bibi alipoona tumehuzunika alisema kama hakuandikiwa kwenda basi aende mama mkwe wangu kwa nafasi yake. Mama mkwe amekataa. Amesema wataenda wawili, au pesa itakaa.

Mkiinua mikono baada ya sala, mtieni Bibi yetu kwenye dua. Na kesho asubuhi mtafute cheti chako cha ndoa ujue kilipo.

Wassalaam alaykum.